Rubarbi Bustanini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaoanza kupanda rubarbi huuliza mambo yale yale, na wengi huyauliza wakiwa wameshachelewa: mmea umeoza, au umevunwa ukiwa bado mchanga, au umetoa ua badala ya vikonyo. Maswali yameanzia yale ya msingi na kuishia kwenye yale ya mtu ambaye mmea wake una miaka kadhaa. Pale jambo lilipoelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Kuifahamu rubarbi

Rubarbi ni mmea wa namna gani?

Ni mmea wa kudumu wa familia ya Polygonaceae. Majani yake ni mapana kama sinia, na kila jani hubebwa na kikonyo kinene, kirefu, chenye rangi ya kijani, ya waridi au nyekundu kabisa. Kikonyo hicho ndicho kinacholiwa. Ni kichachu kwa ukali wa ndimu, ndiyo maana karibu kila mara hupikwa na sukari.

Chini ya udongo kuna tunguu: shina nene lililojifukia, lenye macho ya kuchipua juu na mizizi mirefu chini. Hilo ndilo la kulijali. Chakula kinachotengenezwa na majani juani huteremshwa kwenye tunguu na kuwekwa akiba, na vikonyo vya msimu unaofuata hutoka kwenye akiba hiyo. Ukivuna unatoa ghalani. Ukiliacha jani liote jua unaweka. Ukilielewa hilo, nusu ya maswali yaliyomo humu utayajibu mwenyewe.

Mmea uliotunzwa huzaa mahali pamoja kwa miaka 10 na zaidi.

Ni tunda au mboga?

Mboga, maana tunda hutokana na ua na kikonyo ni sehemu ya jani. Lakini jikoni hutumika kama tunda, na mwaka 1947 mahakama ya forodha ya Marekani iliamua kwamba katika kutoza ushuru ihesabiwe tunda, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wanavyoitumia. Kwa mtunza bustani lenye maana ni moja tu: usiipande kwenye tuta unalolima upya kila msimu. Itafutie kona ambayo jembe halitafika.

Je, ni kweli majani yana sumu?

Ni kweli. Yana asidi ya oksaliki kwa wingi, na kupika hakuiondoi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, chakula kilipoadimika Uingereza, watu walishauriwa kula majani ya rubarbi kama mboga, na waliofuata ushauri huo wakadhurika.

Utasikia watu wakisema kwamba mtu mzima angelazimika kula kilo kadhaa ili afe. Hesabu hiyo inahusu kufa. Kuugua hakuhitaji kilo: kinywa kuwaka, kutapika, tumbo kusokota, na figo kuumia vinaweza kuja kwa kiasi kidogo zaidi, hasa kwa mtoto. Mtu akiyala, mpeleke hospitali mara moja na uchukue kipande cha jani ili mganga aone alichokula.

Vikonyo navyo vina asidi hiyo, ila kidogo kuliko majani, na kwa mtu mwenye afya si tatizo. Wenye matatizo ya figo wasome swali lao kuelekea mwisho.

Nitaitofautishaje na spinachi yenye vikonyo vyekundu?

Hili si swali la kuchekesha. Mimea hiyo miwili ikikaa jirani, mtu aliyetumwa kuchuma mboga anaweza kurudi na jani lisiloliwa. Angalia mshipa: kwenye spinachi, rangi ya kikonyo hupanda katikati ya jani kama uti mmoja hadi karibu na ncha. Kwenye rubarbi, mishipa minene kadhaa huanzia palepale kikonyo kinapokutana na jani, ikatawanyika kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Jani la rubarbi pia lina umbo la moyo na ni kubwa zaidi.

Ushauri wangu ni mfupi: usizipande jirani.

## Hali ya hewa, udongo na mahali

Itaota ninapoishi?

Inategemea baridi. Rubarbi ni mmea wa nchi za baridi. Hupenda majira ya joto yasiyozidi wastani wa nyuzi 24 za Selsiasi, kisha hutaka wiki kadhaa za baridi iliyo chini ya nyuzi 5 hivi ili ilale, ipumzike, kisha iamke kwa nguvu. Theluji haiiui; sehemu ya juu hukauka na tunguu hubaki salama ardhini.

Kwa hiyo kuna hali tatu. Penye majira ya baridi ya kweli, panda na usiwe na wasiwasi. Kwenye nyanda za juu za tropiki, ambako joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, hali ni ya wastani lakini baridi ya kuilaza haipo. Huko rubarbi huweza kubaki na majani mwaka mzima, ikazaa vikonyo vyembamba kiasi, vingi vya kijani. Si aibu, na utamu wake ni uleule. Kwenye mabonde yenye joto kali, usiichukulie kama mmea wa kudumu.

Na mimi niliye kwenye joto kali nifanyeje?

Ipande kwa mbegu kama zao la msimu mmoja. Otesha kivulini kuelekea mwisho wa kipindi cha joto, hamishia bustanini hali ya hewa ikishapoa, na uvune kabla joto halijarudi. Joto likirudi mmea utanyong'onyea, na mara nyingi utakufa. Kwa kuwa hutegemei kuutunza kwa miaka, zile kanuni za kusubiri kuvuna hazikuhusu: vikonyo vikishanenepa, chukua.

Kununua tunguu la bei ya juu kwa mahali pa joto ni kutupa pesa. Pakiti ya mbegu inatosha.

Udongo uweje?

Wenye kina, wenye mboji nyingi, na usiotuamisha maji. Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha mmea wa miaka 10 na mmea wa miezi 10. Tunguu likikaa kwenye maji huoza, na hakuna dawa ya kulirudisha.

Jipimie: chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yazame, kisha lijaze tena. Yakiwa bado yamo kesho yake, usipande hapo. Inua tuta sentimita 20 au 30 juu ya usawa wa ardhi, au tafuta pengine. Ama kuhusu uchachu, pH kati ya 6.0 na 6.8 ndiyo nzuri zaidi, ingawa rubarbi huvumilia udongo mchachu kuliko mboga nyingi. Sijaona haja ya kuhangaika na kipimo hicho kama mboga nyingine zinastawi hapohapo.

Inataka jua kiasi gani?

Saa 6 au zaidi penye hali ya hewa ya baridi. Penye joto, jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Usiiweke chini ya mti mkubwa: mizizi ya mti itaunyang'anya maji.

Naweza kuipanda kwenye chombo?

Ndiyo, chombo kikiwa kikubwa kwelikweli: upana na kina cha angalau sentimita 50, chenye matundu chini. Ndoo ya kawaida haitoshi. Mmea wa kwenye chombo hukauka haraka, huhitaji mbolea mara nyingi zaidi, na utapaswa kugawanywa mapema kuliko ule wa ardhini. Vikonyo vitakuwa vifupi. Kwa asiye na shamba, bado inalipa.

## Kupanda

Nianze na mbegu au tunguu?

Tunguu, kama unaweza kulipata na hali yako ya hewa inaruhusu. Kwanza unawahi mwaka mzima. Pili, unapata mmea uleule wa mama yake, rangi kwa rangi. Mbegu za rubarbi hazifuati mama: kwenye miche 10 kutoka ua moja, mmoja unaweza kuwa mwekundu, mwingine wa kijani, mwingine dhaifu. Uzuri wa mbegu ni urahisi wa kuzipata, na kwamba unaweza kuotesha mingi ukabakiza iliyo bora.

Mbegu hupandwaje?

Mbegu za rubarbi ni kubwa, zimezungukwa na mabawa makavu kama karatasi. Ziloweke kwa saa chache, kisha zipande kwenye vikasha kwa kina cha sentimita 1 hivi. Zitaota ndani ya wiki moja hadi tatu, udongo ukiwa na uvuguvugu na unyevu. Miche ikifika urefu wa sentimita 10 na kuwa na majani manne au matano, hamisha. Usione uchungu kutupa iliyodumaa.

Na tunguu?

Chimba shimo pana kuliko tunguu lenyewe, changanya udongo na mboji au samadi iliyooza vizuri, kisha lipande macho yakitazama juu. Juu ya macho weka udongo wa sentimita 2 hadi 5, usizidi. Kwenye udongo mzito unaokawia kukauka, acha macho yawe usawa wa ardhi au yachungulie kidogo. Kupanda kwa kina kirefu ni kosa linalofanywa kwa nia njema: mtu anadhani analilinda tunguu na baridi, kumbe analiozesha.

Acha nafasi ya sentimita 90 hadi 120 kati ya mmea na mmea. Mwaka wa kwanza utaona ardhi tupu na kushawishika kubana. Usibane.

Nipande aina gani?

Victoria, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1837, bado ipo kila mahali: ni kubwa, inazaa sana, vikonyo vyake ni vya kijani chenye wekundu chini, na ina tabia ya kutoa maua. Timperley Early huchipua mapema kuliko nyingi. Glaskin's Perpetual inafaa kwa wanaopanda mbegu, kwani huweza kuvunwa mapema kuliko aina nyingine. Canada Red na Crimson Red ni za wapenda rangi.

Mmea mmoja au miwili inatosha nyumba ya kawaida. Anayepanda sita hujikuta akibisha hodi kwa majirani na mafurushi.

## Kumwagilia, mbolea na maua

Nimwagilie mara ngapi?

Mwaka wa kwanza, usiuache udongo ukauke kabisa. Baada ya hapo mizizi imeshuka na mmea hujitafutia, lakini katika kiangazi bado unahitaji maji mengi mara moja au mbili kwa wiki. Mwagilia ardhini kuzunguka mmea, si katikati ya tunguu. Kunyunyiza vikombe viwili kila jioni ni kulowesha vumbi tu. Maji lazima yashuke.

Majani yananyauka mchana na kusimama jioni. Ni ugonjwa?

Hapana. Majani makubwa hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyaleta. Yakisimama tena jua likipungua, hakuna shida. Yasiposimama hadi asubuhi, gusa udongo: ukiwa mkavu, mwagilia, ukiwa na majimaji, soma swali la kuoza kwa tunguu.

Mbolea gani, na lini?

Rubarbi inakula sana. Ndoo ya samadi iliyooza au mboji kuzunguka kila mmea, mara moja kwa mwaka kabla haujaanza kuchipua, inatosha kabisa. Tandaza kama duara, ukiacha katikati wazi, maana samadi iliyolundikwa juu ya macho hushika unyevu na kuyaozesha. Samadi mbichi usiiguse. Ukipenda, ongeza mkono wa pili baada ya mavuno kwisha: wakati huo ndipo mmea unapojaza ghala lake.

Juu ya samadi weka matandazo ya nyasi kavu au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8. Magugu yatapungua, na si vizuri kupalilia kwa jembe karibu na tunguu.

Umetoa bua refu la maua. Niliache?

Likate mara ulionapo, chini kabisa linapoanzia. Ua na mbegu hula akiba ambayo ingekuwa vikonyo. Halina sumu ya kuvitia vikonyo, na kuliona si dalili kwamba mavuno yamekwisha. Kata, endelea kuvuna.

Sababu za kutoa maua ni nyingi: aina yenyewe (Victoria hasa), mmea uliozeeka na kubanana, ukame, au baridi kali ya ghafla. Mmea unaotoa maua kila mwaka tena mengi huenda unakuomba uugawe.

## Kuvuna

Naanza kuvuna lini?

Mwaka wa kwanza, usivune. Mwaka wa pili, vikonyo vichache kwa wiki mbili tatu, uache. Mwaka wa tatu na kuendelea, vuna kwa wiki 8 hadi 10.

Najua ni vigumu. Mmea uko mbele yako, vikonyo vinene, na hakuna atakayekuona. Ila kila jani unalong'oa mwaka wa kwanza ni kibarua unayemfukuza kabla hajaanza kazi.

Nivune kiasi gani kwa mara moja?

Usizidishe nusu ya vikonyo vilivyo tayari, na kwa mmea usio na nguvu theluthi moja. Chagua vyenye urefu wa sentimita 25 au zaidi na majani yaliyokwisha kukunjuka. Vikianza kutoka vyembamba kuliko vya mwanzo, huo ndio mwisho wa msimu, hata kama wiki nane hazijatimia.

Nikate au ning'oe?

Ng'oa. Shika kikonyo chini kabisa, kivute kwa upande huku ukikizungusha kidogo. Kitaachia chenyewe na kitako chake cheupe. Ukikata kwa kisu unaacha kisiki kinachooza, na uozo hushuka kwenye tunguu. Kisu kitumie baadaye, kuondoa jani palepale bustanini. Jani likibaki hunyonya maji ya kikonyo, na kikonyo hulegea kabla hakijafika jikoni.

Vikonyo vyangu ni vya kijani. Nisubiri viive?

Utasubiri bure. Rangi ni ya aina ya mmea, si ya kuiva. Kijani hakigeuki chekundu kwa kusubiriwa, kinakuwa na nyuzi tu.

Baridi kali imepiga usiku. Naweza kula?

Tazama kesho yake. Vikonyo vilivyosimama imara, na majani yasiyogeuka meusi, vuna kama kawaida. Vilivyolegea na kuwa laini kama vimechemshwa, tupa: asidi ya oksaliki huweza kushuka kutoka kwenye jani lililoungua hadi kwenye kikonyo, na ladha imekwishaharibika hata hivyo. Vitakavyochipua baadaye havina neno.

Navihifadhije?

Kwenye friji, bila kuosha, vikiwa vimefungwa kitambaa chenye unyevu, hukaa wiki moja hadi mbili. Ukitaka muda mrefu, osha, kausha, kata vipande vya sentimita 2, gandisha kwenye sinia kwanza ndipo utie kwenye mfuko, visije vikashikana. Vikiyeyuka vitakuwa laini, kwa hiyo ni vya kupika, si vya kutafuna. Sufuria ya alumini au ya chuma tupu usiitumie. Ukali wa rubarbi hula chuma na kuleta ladha mbaya. Ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli ni sawa.

## Matatizo

Kwa nini vikonyo ni vyembamba kama penseli?

Ghala limepungua. Uliza kwa mpangilio huu: Je, mmea ni mchanga? Subiri. Je, ulivuna kupita kiasi mwaka jana? Upumzishe mwaka mzima. Je, ulipata mbolea na maji? Je, uko kivulini? Je, una zaidi ya miaka mitano bila kugawanywa, macho yamebanana? Gawa. Na kama mahali pako hapana baridi, wembamba kiasi ni hali ya kawaida.

Katikati ya mmea pamekuwa kahawia na laini. Nini hiki?

Tunguu linaoza. Vikonyo hulegea kimoja kimoja, vikivutwa vinatoka bila nguvu, na chini pana harufu mbaya. Vimelea kama Phytophthora hupenda udongo wenye maji mengi, joto likiongezeka. Mmea uliofikia hapo ng'oa wote na uutupe mbali, si mbojini. Usipande rubarbi tena shimo hilohilo kwa miaka kadhaa. Ukigundua mapema na upande mmoja bado ni mgumu na mweupe ndani, unaweza kuukata upande huo na kuupanda penye udongo mwingine. Wakati mwingine hushika.

Wadudu gani huishambulia?

Konokono na koa ndio wa kwanza. Hutoboa majani machanga. Wakusanye jioni kwa taa, na uondoe majani yaliyooza wanamojificha. Vidukari hujificha chini ya jani. Maji ya kasi kutoka bombani huwaondoa. Matundu machache kwenye jani kubwa usiyapiganie. Jani haliliwi.

Amerika ya Kaskazini kuna fukusi mwenye pua ndefu, Lixus concavus, mwenye unga wa rangi ya kutu mgongoni. Hutoboa vikonyo, na utomvu hutoka kama matone ya gundi. Ajabu yake ni kwamba hazaliani vizuri kwenye rubarbi yenyewe bali kwenye magugu ya Rumex, ndugu zake rubarbi. Ng'oa magugu hayo, mwokote fukusi kwa mkono, basi.

Madoa mekundu na ya kahawia kwenye majani?

Mara nyingi ni ukungu wa kawaida wa majani. Ondoa yaliyoathirika zaidi, acha hewa ipite, usimwagilie juu. Vikonyo vya mmea huo huliwa bila shida visipokuwa na madoa.

## Kwa wenye mmea wa miaka mingi

Nigawe lini na vipi?

Kila miaka 5 au 6, mmea ukiwa umelala au ndipo macho yanapoanza kuvimba. Chimba mbali na tunguu, liinue zima (litakuwa zito kuliko ulivyodhani), kisha likate kwa sepeto kali. Kila kipande kiwe na jicho moja kubwa angalau na mizizi ya kutosha. Vilivyo na mashimo au uozo, tupa. Vipande vya pembeni ndivyo vichanga na vyenye nguvu; kitovu cha zamani hakina faida. Panda siku hiyohiyo kama ilivyoelezwa kwenye swali la tunguu, na uhesabu tena kuanzia mwaka wa kwanza.

Nimesikia rubarbi hukuzwa gizani. Kwa nini?

Mwaka 1817 katika bustani ya Chelsea Physic Garden, London, matunguu yalifunikwa na udongo kwa bahati mbaya wakati wa kuchimba. Yalipofunuliwa yalikuwa yametoa vikonyo vya waridi, laini na vitamu kuliko vya kawaida. Tangu hapo ikawa kazi kamili. Huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wakulima huacha matunguu shambani miaka miwili bila kuvuna, huyaacha yapigwe na baridi, kisha huyaingiza kwenye mabanda yenye giza na joto, na kuvuna kwa mwanga wa mishumaa. Mwaka 2010 jina la rubarbi hiyo lilipewa ulinzi wa kisheria na Umoja wa Ulaya.

Nyumbani, subiri baridi ipite, kisha funika mmea wenye umri wa miaka mitatu au zaidi kwa ndoo ndefu isiyopitisha mwanga. Baada ya wiki 4 hadi 8 utakuta vikonyo vyembamba vya waridi vikiusukuma mfuniko. Gizani jani halitengenezi chakula, kwa hiyo kila kikonyo kimetoka kwenye akiba pekee. Vuna, funua, kisha usiuguse mmea huo kwa miaka miwili. Mahali pasipo baridi jambo hili halina maana. Tunguu lisilolala halina kitu cha kuamshwa.

Nina mawe kwenye figo. Nile?

Zungumza na daktari wako kwanza. Mawe mengi ya figo ni ya kalsiamu oksaleti, na rubarbi ni kati ya vyakula vyenye oksaleti (chumvi za asidi ya oksaliki) nyingi, hata vikonyo vyake. Kuila pamoja na maziwa au mtindi hupunguza kiasi kinachofyonzwa, kwani kalsiamu hukutana na oksaleti tumboni, lakini hilo si kibali.

Majani niyatupe wapi? Yanaweza kuwekwa mbojini?

Yanaweza. Asidi ya oksaliki huvunjwa vijidudu vinapofanya kazi, na mboji haitakuwa na sumu. Au yalaze chini ya mmea wenyewe kama matandazo. Pasipofaa ni kwenye zizi na bandani: mbuzi, sungura, kuku na mbwa wasiyapate. Ile ya kuyachemsha kuwa dawa ya kunyunyizia mboga siipendekezi; unapaka sumu usiyoweza kuipima kwenye kitu utakachokula.

Je, mzizi wake ni dawa ya tumbo?

Rubarbi ya dawa ni nyingine: Rheum palmatum na Rheum officinale za Asia, ambazo mizizi yake imetumika kama haluli kwa karne nyingi, ikasafirishwa hadi Ulaya kwa bei kubwa kabla watu hawajafikiria kula vikonyo. Kula vikonyo kulisubiri sukari ishuke bei. Tunguu la bustanini kwako liache lifanye kazi yake ardhini.

Nahama nyumba. Naweza kwenda nayo?

Ndiyo, mmea ukiwa umelala. Chimba, kata kipande kimoja chenye macho mawili matatu, kifunge kwenye gunia lenye unyevu na ukiweke kivulini. Kitavumilia siku kadhaa. Ukilazimika kuhama katikati ya msimu, ng'oa majani yote isipokuwa machanga ya katikati kabla ya kuchimba, na mwagilia sana baada ya kupanda. Kipande kilichobaki mwachie anayeingia, na umweleze kuhusu majani.